UZI: Valvu ya EGR imejaa masizi? Soma kabla hujanunua mpya au kuiziba

Spana Kumi na Nne (mleta uzi)

Wakuu, habari za humu.

Haipiti muda bila mtu kuleta mada ya gari iliyokosa nguvu, inayofuka moshi mweusi au inayozima kila ikisimama. Kabla hajamaliza kujieleza, mchangiaji wa pili ameshaandika "ziba hiyo EGR", wa tatu anasema nunua mpya. Wanaouliza kama imeshapimwa ni wachache sana. Nimeamua kuandika ninachokijua, kwa kirefu, ili siku nyingine tuwe tunamrushia mtu uzi huu tu. Wenye haraka rukeni, wenye dizeli kaeni.

Tuanze na kazi yake, maana wengi wanaifungua bila kujua ipo kwa ajili gani. EGR inachukua sehemu ya moshi wa ekzosi na kuurudisha kwenye manifoldi ya hewa, uingie tena kwenye silinda. Ukisikia hivyo unaweza kudhani aliyebuni alikuwa na ugomvi na injini. Sababu ipo. Karibu asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, na mwako ukiwa mkali sana, kuanzia kama nyuzi 1,400 za Selsiasi kwenda juu, naitrojeni hiyo inashikana na oksijeni kwa kasi na kutengeneza oksaidi za naitrojeni, ile NOx. Ni gesi inayowasha mapafu na kuchangia ukungu mchafu wa mijini. Moshi uliokwisha kuungua hauna cha kuungua tena. Ndani yake kuna kaboni dayoksaidi na mvuke wa maji, ukiingia unachukua nafasi ya sehemu ya oksijeni na kunyonya joto, mwako unapoa, NOx inashuka. Marekani walianza kuifunga kwenye magari mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa hiyo sio mdudu wa juzi.

Injini ya petroli inarudisha kidogo, mara nyingi asilimia 5 hadi 15. Dizeli inavuta hewa nyingi kuliko inayohitaji, kwa hiyo ikiwa na mzigo mdogo inaweza kurudisha moshi hadi karibu nusu ya kinachoingia. Na moshi wa dizeli ndio wenye masizi. Mmeshaelewa kwa nini kesi nyingi ni za dizeli.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo uzi mzima ulipo. Masizi makavu peke yake yasingeleta shida kubwa hivi. Kinachoyagandisha ni oili. Mpira wa kupumulia wa injini unarudisha mvuke wa oili kwenye njia ileile ya hewa, turbo iliyochoka inaongeza ya kwake. Masizi yanakutana na ule unyevu wa oili, yananata ukutani, joto linayaoka, yanakuwa kama lami ya barabarani. Tabaka juu ya tabaka. Kwa hiyo ukiosha valvu bila kujua kwa nini gari yako inazalisha masizi mengi au inatema oili nyingi, umeosha sahani na chakula bado kinamwagika.

Dalili. Valvu inakwama kwa namna mbili na watu wanazichanganya.

Ikigandia wazi, moshi unaingia hata pale usipotakiwa. Gari inatetemeka ikiwa silensa (inaunguruma taratibu bila kukanyaga mafuta), inazima ukiachia mafuta, inasumbua kuwaka, dizeli inafuka moshi mweusi na haivuti mlima. Ikigandia imefunga, unaweza usione kitu kabisa zaidi ya taa ya cheki injini. Petroli huwa inagonga, ule mlio wa kokoto ndani ya injini ukiwa unatembea mwendo wa kawaida na mzigo mdogo.

Kodi (namba za hitilafu ambazo kompyuta ya gari inazihifadhi) utakazokutana nazo ni P0401 (moshi unaopita hautoshi), P0402 (umezidi), P0403 (umeme wa kuiendesha valvu), P0404 (valvu haifiki pale inapoamriwa), P0405 na P0406 (sensa inayosema valvu ipo wapi). Naomba tuelewane kuhusu P0401. Haisemi "valvu imekufa". Inasema kompyuta iliamuru moshi upite, na haikuona dalili kwamba umepita. Inaweza kuwa valvu. Inaweza kuwa bomba limeziba, kipoza moshi kimeziba, mpira wa vakyumu (nguvu ya kunyonya inayofungua valvu) umepasuka, solenoidi (swichi ya umeme inayoiruhusu hiyo vakyumu) imechoka, au sensa ya hewa ni chafu na inadanganya. Watu wamenunua valvu mpya, wakaifunga juu ya tundu lililoziba, kodi ikarudi kabla hawajafika nyumbani.

Kwa hiyo pima kwanza. Kama valvu yako ni ya vakyumu, tafuta pampu ya vakyumu ya mkono. Injini ikiwa ya moto na inaunguruma silensa, chomoa mpira wa kwenye valvu, unganisha pampu, nyonya. Injini ya petroli inatakiwa itetemeke vibaya au izime. Ikitetemeka, njia ipo wazi na shida yako iko kwenye kinachoiamuru. Isipobadilika hata kidogo na vakyumu inashika, kiwambo (ule utando wa ndani unaovutwa na vakyumu) ni kizima lakini valvu imeganda au njia imeziba. Vakyumu isiposhika, kiwambo kimepasuka na hakuna dawa ya kuosha itakayokirudisha.

Kama ni ya umeme, unahitaji mashine ya kusomea kodi yenye uwezo wa kuonyesha namba zikiwa zinatembea. Angalia vitu viwili, nafasi iliyoamriwa na nafasi halisi. Zikifuatana, valvu inasikia. Halafu tazama usomaji wa sensa ya hewa: valvu ikifunguka, hewa safi inayoingia lazima ipungue, kwa sababu moshi umechukua nafasi yake. Valvu inasema imefunguka na hewa haijashuka? Njia imeziba, bila ubishi.

Sasa kufungua. Injini ipoe kabisa, ekzosi inakaa na joto muda mrefu kuliko unavyodhani. Toa waya hasi wa betri. Vaa glovu na miwani, na ziba pua, haya masizi sio vumbi la kawaida, yana vitu ambavyo hutaki viingie mwilini. Piga picha ya kila mpira na kila soketi kabla hujachomoa.

Bolti za upande wa hewa huwa zinatoka kirahisi. Za upande wa ekzosi ndizo zinazovunja watu moyo. Zipulizie mafuta ya kulegeza kutu, nenda kafanye kitu kingine, rudi, pulizia tena. Ikigoma, ikaze kidogo kwanza ndipo uilegeze, mbele na nyuma, mpaka kutu ikatike. Ukilazimisha kwa bomba refu unakata bolti ndani ya manifoldi, na hapo kazi ya nusu siku imegeuka kuwa kazi ya kuchimba kwa drili.

Kuna valvu zinazopitisha maji ya rejeta. Kama yako ni hivyo, bana mipira au punguza maji kwanza, na ujue mwisho utajaza na kutoa hewa kwenye mfumo.

Ikitoka, usikimbilie kuosha. Iangalie. Masizi makavu, mepesi, yanayofutika kwa kidole, mara nyingi yanatokana na mwako mbaya: nozeli, chujio la hewa, turbo isiyosukuma vizuri. Yakiwa yananata na kung'aa, hiyo ni oili. Ukiona sehemu imeoshwa safi katikati ya weusi, au kuna utando mweupe au wa rangi ya maji ya rejeta, simama hapohapo, kipoza moshi kinavuja. Halafu washa tochi uchungulie tundu la upande wa manifoldi. Nimeona tundu la kuingiza vidole viwili limebaki la kupitisha kalamu, tena kalamu yenyewe inatoka na rangi.

Kuosha: kwangua kwanza, dawa baadaye. Tumia kijiti cha mbao au plastiki ngumu, brashi ya nailoni, na brashi ya shaba kwa pale palipogoma. Bisibisi inachora kiti cha kizibo (pale kizibo cha valvu kinapokaa kikifunga), na kiti kikishachorwa valvu haifungi tena sawasawa hata iwe safi namna gani. Ukimaliza kutoa mabonge ndipo upulizie dawa ya kabureta au ile maalumu ya EGR, iache iloweke, sugua, futa, rudia. Shika valvu huku mota ikiwa juu na mdomo ukiangalia chini, ili dawa iliyochanganyika na masizi isishuke kupitia kwenye shina kwenda kwenye mota. Usiichovye nzima kwenye ndoo. Ile ya vakyumu unaweza kusukuma kiwambo kwa vidole uone kizibo kinapanda na kushuka. Ya umeme usiilazimishe kwa bisibisi, ndani ina gia ndogo, nyingi za plastiki, zikivunjika umeshainunua mpya.

Utajua imekubali pale kizibo kinapojirudisha chenyewe na kutoa mlio mkavu, tak, bila kusitasita. Kisha geuza valvu ikae kama kikombe, mimina petroli kidogo sana juu ya kizibo kilichofunga, mbali na moto na betri. Ikivuja taratibu sio kesi. Ikipita moja kwa moja, bado kuna kaboni kwenye kiti.

Njia ya manifoldi nayo ikwangue. Kabla ya kuanza, ziba kwa tambara sehemu ya ndani ili mabonge yasidondokee kwenye silinda, na ujue umeweka matambara mangapi. Kama una mashine ya kufyonza vumbi yenye mpira mwembamba, fyonza huku unakwangua, lakini makavu tu. Ukishapulizia dawa usifyonze, hiyo mvuke inawaka.

Kurudisha: gasketi mpya, pande zote mbili. Angalia inakaa upande gani, nyingine zina tundu au sikio la kuelekeza, ukiigeuza inaziba njia uliyotoka kuihangaikia. Bolti zianze kwa mkono, kisha zikazwe kwa zamu. Unganisha betri, futa kodi. Valvu nyingi za umeme zinajipima zenyewe ukifungua swichi, nyingine zinataka mashine iziambie zijifunze upya mwanzo na mwisho wake. Usipofanya hivyo kwenye gari inayohitaji, itaendelea kulalamika na wewe utadhani kazi imeshindikana.

Karibuni kwa maswali.

mshika_tochi

Hii ndiyo inaitwa nondo. Nimekaa kiti cha mbele.

Dizeli Baridi

Mkuu umeandika vizuri lakini mwisho wa siku ni kuziba tu. Unaosha leo, mwakani unaosha tena. Kipande cha bati kati ya valvu na manifoldi, mchezo umeisha, moshi hauingii tena kwenye hewa.

Spana Kumi na Nne

Dizeli Baridi, nilikuwa nakusubiri.

Sitakudanganya kwamba huna hoja. Ukiziba, manifoldi inabaki safi zaidi na oili haiwi nyeusi haraka. Hilo ni kweli. Lakini tazama upande wa pili. Gari ambayo kompyuta inafuatilia mtiririko itawasha P0401, na nyingine zitapunguza nguvu kabisa. Ndipo watu wanakwenda kutoboa tundu dogo kwenye lile bati ili kuidanganya, au kulipia kubadilisha programu, na aliyebadilisha programu ameshika gari yako nzima sasa. Petroli ndiyo mbaya zaidi: muda wa cheche umepangwa kwa kuhesabu kwamba moshi utakuwepo kupoza mwako. Ukiuondoa, injini inagonga kwenye mwendo wa kawaida. Na nchi nyingi kuchezea mfumo wa moshi ni kosa kisheria, gari inaweza kukataliwa kwenye ukaguzi.

Halafu jambo ambalo watu wa bati hawalisemi. Gari iliyokuwa inafuka moshi mweusi kwa sababu nozeli zinavuja, ukiiziba EGR bado nozeli zinavuja. Umenyamazisha tu aliyekuwa anakuambia.

Dizeli Baridi

Sawa, la nozeli nakubali. La programu pia, nimeona gari ya jamaa imerudi kwenye gereji fulani ikiwa haiwaki kabisa. Lakini kwa gari ya zamani ya vakyumu isiyo na kompyuta ya kufuatilia, bado nasimama na bati langu.

Spana Kumi na Nne

Simama nalo mkuu, tutakupitia tukirudi.

Kipimajoto

Nyongeza ndogo kwenye kipimo cha pampu ya mkono. Kuna valvu za vakyumu za zamani ambazo kiwambo chake kina tundu la kutoa hewa, na tundu hilo linajifunga pale tu msukumo wa ekzosi unapopanda. Hizo ukizinyonya kwenye silensa vakyumu haitashika hata kama ni nzima. Mtu asije akatupa valvu nzuri kwa kipimo hiki.

Spana Kumi na Nne

Kweli kabisa, asante sana mkuu. Wenye gari za zamani, kabla ya kuhukumu kiwambo someni kitabu cha gari kwanza muone valvu yenu ni ya aina hiyo au la.

Mtoto wa Gereji

Kwetu gereji tunapuliza dawa kwenye bomba la hewa gari ikiwa inaunguruma, hatufungui kitu. Moshi unatoka mweusi, halafu unakuwa mweupe, mteja anafurahi. Kuna ubaya?

Spana Kumi na Nne

Kuna dawa zilizotengenezwa kwa namna hiyo, na ukifuata maelekezo ya kwenye kopo zinasaidia pale ambapo kaboni bado ni nyembamba. Shida inaanza mnapochukua dawa yoyote ya kabureta na kumwaga.

Kwenye dizeli ni hatari hasa. Dizeli haina plagi ya cheche ya kuzima. Inaunguza chochote kinachoweza kuungua kikiingia na hewa. Ukimwaga dawa nyingi kwa mkupuo, injini inaweza kupaa mizunguko yenyewe, unazima swichi na haisikii, njia ya kuisimamisha ni kuziba hewa, na mpaka upate cha kuzibia imeshajivunja. La pili ni mabonge: tabaka nene likilegea linakatika kipande kizima, linaingia silinda, likitoka linapitia kwenye mapanga ya turbo. La tatu, kama unapulizia kabla ya sensa ya hewa, umeiua. Sensa ile ina dawa yake peke yake na haiguswi kwa brashi wala tambara.

Na ule moshi mweusi wa kumfurahisha mteja sio kipimo. Dawa yenyewe ikiungua inafuka.

Bi Gia

Habari kaka. Mimi gari yangu ni ya dizeli, ina P0401. Nimesoma mahali wanasema dawa ya kusafishia jiko la oveni inatoa kaboni mara moja, nayo ninayo nyumbani. Naweza kuitumia?

Spana Kumi na Nne

Hapana dada, iache jikoni. Nyingi ya dawa hizo zina kostiki soda, na nyumba ya valvu nyingi ni aluminiamu. Kostiki inaila aluminiamu, na wakati inaila inatoa haidrojeni, gesi inayowaka. Itatoa kaboni kweli, itatoa na uso wa valvu pia. Utaona imekuwa nyeusi na vinyweleo, gasketi haikai tena vizuri.

Na wengine mkitumia breki klina, soma kopo. Kuna zenye klorini, hizo zikikutana na chuma cha moto au moto wa kulehemu zinatoa gesi ya sumu kali. Ndiyo maana nasema injini ipoe.

Bi Gia

Nimekuelewa. Nitafuata utaratibu wako, nitaleta mrejesho.

Njia Panda

Mkuu, yangu ni petroli, zile zinazopuliza mafuta ndani ya silinda moja kwa moja, D-4. Nimeosha EGR na throto (mlango wa hewa ya injini), bado silensa inatetemeka asubuhi.

Spana Kumi na Nne

Kwenye injini ya namna hiyo kuna mahali pa tatu. Injini za kawaida za petroli nozeli inapuliza mafuta nyuma ya valvu za hewa, kwa hiyo petroli inaziosha muda wote. Yako mafuta yanaingia ndani moja kwa moja, valvu za hewa hazioni petroli kabisa. Mvuke wa oili na moshi wa EGR vinatua mgongoni mwa valvu na kuganda. Dawa ya kuweka kwenye tanki haifiki pale, usipoteze hela.

Suluhisho ni kutoa manifoldi na kuzisafisha zikiwa zimefungwa, silinda moja baada ya nyingine. Wenye vifaa wanapuliza punje za maganda ya jozi (zile njugu za walnut) kwa upepo, yana ugumu wa kutoa kaboni bila kukwangua chuma. Lakini kabla hujafika huko pima plagi na koili, maana hizo nazo zinatetemesha gari asubuhi na ni rahisi kuzikagua.

mshika_tochi

Vipi kuhusu kuipeleka gari barabara ndefu na kuikanyaga? Naambiwa inachoma kaboni yote.

Spana Kumi na Nne

Nusu ukweli. Safari ndefu inaipa injini joto, mwako unakuwa safi, masizi mapya yanapungua. Hiyo ni kinga nzuri kwa gari inayoshinda kwenye foleni. Lakini fikiria: ukikanyaga sana kompyuta inaifunga EGR, kwa sababu injini inataka oksijeni yote. Moshi wa moto unapita ekzosi, haupiti kwenye valvu. Lami iliyokwisha kukauka upande wa hewa haitaona huo moto.

Nikiwa kwenye kinga niongeze hili, maana limeenea sana. Acheni kung'oa themostati (kile kifaa kinachozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto). Najua fundi anakwambia ili injini isichemke. Injini isiyofika joto lake inaunguza vibaya, masizi yanaongezeka, na unyevu unaganda kwenye njia za moshi. Gari ikichemka tafuta kwa nini inachemka. Zaidi ya hapo ni mambo ya kawaida: chujio la hewa, oili ya daraja sahihi na kwa wakati, isizidi alama ya juu kwenye kijiti, na ule mfumo wa kupumulia wa injini ukaguliwe, huwa unasahaulika mpaka oili ianze kumwagika kwenye mipira ya turbo.

Kipimajoto

Kuhusu kipoza moshi hujaeleza sana. Gari yangu maji yanapungua, chini hakuna tone, gasketi ya silinda hedi imepimwa ni nzima.

Spana Kumi na Nne

Basi umeshakaribia kujijibu. Kipoza ni bomba lenye mirija ndani: moshi unapita kwenye mirija, maji ya rejeta yanapita nje yake. Mrija ukitoboka, maji yanaingia kwenye njia ya moshi na kwenda kuungua. Dalili ni moshi mweupe, hasa ukiwasha baada ya gari kulala, na lile eneo lililooshwa safi nililosema.

Kitoe, ziba tundu moja la maji, ingiza upepo wa msukumo mdogo kwenye la pili huku kimezama kwenye maji, tazama povu linatoka wapi. Vingine vinavuja vikiwa vya moto tu, kwa hiyo tumia maji ya moto. Kikivuja kibadilishe. Usikawie na hili, maji yakijikusanya kwenye silinda na gari imelala, ukipiga starta maji hayabonyei, kinachopinda ni mkono wa pistoni.

Na kama hakivuji lakini kimeziba masizi, kinalowekwa. Hakina mota wala sensa ndani, loweka kwa dawa isiyokula metali yake, suuza mpaka maji yatoke meupe pande zote.

Mtoto wa Gereji

Nimemwonyesha bosi ile ya dizeli kupaa mizunguko. Amenyamaza tu.

Bi Gia

Wakuu nimerudi na mrejesho. Valvu tumeitoa, ilikuwa nyeusi tii, inanata. Tumeosha mpaka kizibo kinagonga tak kama ulivyosema. Gasketi mpya upande wa ekzosi. Kodi imerudi ileile P0401. Nafasi iliyoamriwa na nafasi halisi zinafuatana, ila usomaji wa hewa haushuki.

Spana Kumi na Nne

Dada, namba zako zimeshasema. Valvu inafunguka, moshi haupiti. Toa bomba linalotoka ekzosi na uchungulie pande zote mbili, halafu toa throto bodi uone pale EGR inapoingilia kwenye manifoldi. Kona ndiyo inayoziba kwanza.

Halafu umesema gasketi mpya upande wa ekzosi. Upande wa hewa je?

Bi Gia

Upande wa hewa fundi alirudisha ileile, alisema bado nzima.

Dizeli Baridi

Hapo fundi amebana matumizi yasiyo yake 😂

Bi Gia

Mrejesho wa pili. Kona ya kuingilia manifoldi ilikuwa imeziba kabisa, tochi haikupenya upande wa pili. Tumekwangua, masizi yaliyotoka yamejaza kopo la maziwa ya unga. Sasa usomaji wa hewa unashuka valvu ikifunguka na kodi haijarudi. Moshi mweusi umepungua sana. Ila ukikanyaga mafuta kuna mluzi ambao haukuwepo, na kama nguvu inachelewa.

Kipimajoto

Gasketi ya upande wa hewa hiyo.

Spana Kumi na Nne

Naungana na Kipimajoto. Turbo inasukuma hewa, hewa inatokea pale. Paka maji ya sabuni kuzunguka kiungio, mtu akanyage mafuta gari ikiwa imesimama, tazama povu. Pia kagueni mpira wa kutoka intakula (kipoza hewa ya turbo) mliouchomoa kupata nafasi, kama klipu yake imekaa kwenye mfereji wake.

Bi Gia

Povu limetoka kwenye kiungio cha valvu, kona ya chini. Gasketi ya zamani ilikuwa imekunjika pale kwenye tundu la bolti. Tumeweka mpya, mluzi umeisha na gari inavuta. Ule mpira wa intakula nao ndani una oili iliyotuama chini, ni kawaida?

Spana Kumi na Nne

Unyevunyevu mwembamba ni kawaida. Ikiwa imetuama ya kumwagika, anza na mfumo wa kupumulia wa injini, uone kama mpira wake umeziba na kama oili yako imezidi alama. Hivyo vikiwa sawa, ndipo utoe mpira wa turbo na ushike shina lake uone linacheza kiasi gani. Weka picha hapa ukishafungua.